Sindano ya Shaba: Jinsi Heroes Ilivyopotea Njia

Kuna sehemu moja ya Heroes, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu watu wa kawaida wanaojikuta na nguvu za ajabu, ambayo huwa nairudia. Ni ya kumi na saba katika msimu wa kwanza, inaitwa Company Man. Noah Bennet, yule baba mwenye miwani ya fremu nene ambaye hadi hapo tulikuwa hatujui tumpende au tumwogope, amesimama darajani usiku. Amemlea Claire tangu akiwa kichanga. Claire ni binti ambaye jeraha lolote humpona papo hapo, na Bennet ni mwajiriwa wa shirika linalowasaka watu wa aina yake. Sasa shirika linamtaka binti. Bennet anajua watamhoji, na anajua wanao watu wawezao kuingia kichwani mwa mtu na kuchota siri. Basi anamgeukia mwenzake wa kazi, yule tunayemjua kwa jina la Mhaiti tu, ambaye akikuwekea mkono kichwani anafuta kumbukumbu. Anamwomba ampige risasi, kisha amfutie yote, na afute kwa kina. Claire ataokoka. Baba yake hatajua yuko wapi, wala hatajua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemficha.

Bennet hana uwezo wowote wa ajabu. Ni mtu wa kawaida mwenye bastola, suti na nyumba Odessa, Texas. Lakini ndani ya saa ile moja yeye ndiye shujaa mkubwa kuliko wote wanaoruka angani na kusimamisha saa, kwa sababu ndiye aliyelipa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka mingi jinsi tamthilia iliyoweza kutupa saa kama ile ilivyofika mahali pa kuzimwa mwaka 2010 ikiwa na watazamaji zaidi kidogo ya milioni 4 nchini Marekani, wakati usiku wa kwanza, Septemba 25, 2006, walikuwa wamepita milioni 14. Majibu yanayotolewa ni mengi. Mgomo wa waandishi. Wahusika wapya wabovu. Haraka ya kituo cha NBC. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini naona kuna jambo moja lililokaa chini ya yote hayo, na sisi wa pwani hii tumelijua zamani kuliko Hollywood.

Mtazame Fumo Liyongo. Katika masimulizi ya Waswahili hakuna jabari aliyemzidi. Mishale haimwingii, minyororo haimshiki, gereza halimwezi. Lakini ana sindano ya shaba: ukimchoma nayo kitovuni, anakufa. Siri hiyo anamwambia mwanawe, na mwanawe, aliyerubuniwa na mtawala, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka na jeraha lake, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anafia pale pale akiwa ameelekeza mshale. Watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa. Sasa iondoe ile sindano. Utabaki na nini? Utabaki na mtu mwenye nguvu anayeshinda leo, anayeshinda kesho, anayeshinda keshokutwa, na msikilizaji aliyekwenda kulala.

Heroes ya msimu wa kwanza ilikuwa imejaa sindano za shaba. Tim Kring, aliyeibuni, hakuwa mtu wa vitabu vya katuni za mashujaa. Alitoka kwenye tamthilia ya uchunguzi wa vifo, Crossing Jordan, na nadhani huo ugeni ulimsaidia, kwa sababu alianza na watu kabla ya nguvu zao. Hiro Nakamura ni karani wa ofisini Tokyo, mnene kidogo, mwenye furaha ya mtoto, anayegundua kwamba akikaza macho muda unasimama. Peter Petrelli ni muuguzi New York, mdogo wa mwanasiasa, aliyechoka kuishi chini ya kivuli cha kaka yake. Matt Parkman ni polisi wa Los Angeles anayefeli mtihani wa upelelezi kwa sababu kusoma kunamtatiza, na ndiye anayeanza kusikia mawazo ya watu. Isaac Mendez anachora mambo yajayo, lakini mkono wake hautii mpaka adungwe heroini. Micah, mtoto wa Las Vegas, anazungumza na mashine, lakini hawezi kuzungumza na mama yake siku ambazo nafsi nyingine inamtawala na mama yake si mama yake.

Kila mmoja kapewa kitu, na kila mmoja kanyang'anywa kitu. Hiyo ndiyo hesabu iliyoishikilia tamthilia ile, na ilikuwa hesabu ngumu kweli kweli. Hiro anampenda Charlie, mhudumu wa mkahawa huko Texas ambaye anasoma kitabu cha Kijapani na siku chache baadaye anazungumza. Charlie anauawa. Hiro anarudi nyuma miezi sita ili amwokoe, anashinda naye siku zote hizo, na mwishowe anajifunza kwamba Charlie ana donge la damu kwenye ubongo na angekufa hata bila muuaji. Mtu anayeweza kuamrisha saa anasimama mbele ya jambo ambalo saa haiwezi kulitengeneza. Nilipoitazama mara ya kwanza niliamini kwamba walioiandika walijua wanachofanya.

Sylar naye, muuaji mwenyewe, hakuwa zimwi la bure. Alikuwa Gabriel Gray, fundi saa wa Queens, mtoto wa mama aliyemtaka awe mtu mkubwa. Uwezo wake ni kuona jinsi kitu kinavyofanya kazi, na ili aone jinsi mtu anavyofanya kazi, anafungua kichwa. Zachary Quinto alimcheza kwa utulivu wa mtu anayepangusa vumbi kwenye saa ya mezani. Njaa yake ilikuwa ndiyo ugonjwa wake, na tulimwogopa kwa sababu tulimwelewa.

Kisha ikaja Mei 2007. Hapo ndipo mimi naona njia ilipopinda, kabla ya mgomo, kabla hata ya msimu wa pili kuanza kurekodiwa. Mwezi huo kituo cha ABC kilitangaza jambo ambalo televisheni ya Marekani haikuwa imezoea: tamthilia ya Lost, iliyokuwa ikipendwa mno, ingefungwa mwaka 2010 baada ya sehemu nyingine 48. Waandishi wake walikuwa wameomba kupewa tarehe ya mwisho ili wajue wanaelekea wapi. Mwezi huo huo NBC nayo ilitangaza mipango yake juu ya Heroes: sehemu 24 za msimu wa pili, na juu yake sehemu sita za tamthilia pacha, Heroes: Origins, jumla 30. Kituo kimoja kiliwauliza waandishi hadithi itakwisha lini. Kingine kiliuliza zipatikane ngapi zaidi.

Na kulikuwa na wazo jingine lililokufa kimya kimya. Awali Kring alikusudia kwamba kila msimu uje na watu wapya. Wa zamani wangemaliza kisa chao na kuondoka. Lingekuwa jambo la kijasiri. Lakini watazamaji walikuwa wamempenda Hiro, wamempenda Claire, wamempenda hata Sylar, na kituo kikaona kumwachilia mhusika anayependwa ni kutupa mali. Siwalaumu sana kwa kupenda. Mimi pia nisingetaka Hiro aondoke. Ila kazi ya msimulizi ni kujua pale ambapo msikilizaji anaomba kitu kitakachomharibia hadithi yake mwenyewe.

Angalia mwisho wa msimu wa kwanza uone dalili zilikuwapo tayari. Bomu linalotishia New York ni Peter, aliyenyonya uwezo wa mtu mwenye mionzi na sasa hawezi kuuzuia. Nathan, kaka yake, anashuka kutoka angani, anamkumbatia na kuruka naye juu ili alipukie huko. Kama picha, inaumiza vizuri. Lakini Peter alikwisha nyonya uwezo wa kuruka tangu mwanzo wa msimu. Tuliambiana hilo siku ile ile. Tukasamehe, kwa sababu tuliamini ndugu wawili wamekufa kwa kupendana. Sylar alikuwa amechomwa upanga na Hiro, akalala chini. Baada ya dakika chache kamera ikatuonyesha michirizi ya damu ikielekea kwenye mtaro wa maji machafu. Na msimu wa pili ulipofunguliwa, Nathan alikuwa hai, Peter alikuwa hai, Sylar alikuwa hai. Deni lote la msimu mzima lilikuwa limefutwa, na hakuna aliyelilipa.

Msimu huo wa pili tuliutazama kwa namna yetu. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukuiona Heroes Jumatatu usiku kwenye NBC; tuliipata kwenye DVD za kuchoma, msimu mzima ndani ya diski moja au mbili, picha imebanwa mpaka nyuso zina ukungu. Nilikaa na binamu yangu tukaumaliza ndani ya siku mbili. Hatukujua lolote juu ya mgomo wa waandishi ulioanza Novemba 5, 2007 na kuisha Februari 12, 2008. Hatukujua kwamba sehemu 24 zilikatwa zikabaki 11, wala kwamba mwisho ulirekodiwa upya ili chupa ya virusi idakwe kabla haijavunjika, kwa kuwa kisa cha maambukizi kilichokuwa kifuate hakikuwa na nafasi tena. Sisi tuliiona hadithi peke yake, bila visingizio vyake, na hadithi ilikuwa imechoka kabla mgomo haujaigusa.

Hiro alikuwa amekwama Japani ya mwaka 1671 kwa zaidi ya nusu ya msimu, akimfundisha ushujaa mwanamume ambaye tungeweza kumfahamu kwa sehemu mbili. Peter alikuwa Ireland, ndani ya kontena bandarini Cork, hajui jina lake. Ndugu wawili, Maya na Alejandro, walikuwa barabarani kuelekea Marekani, na kila mara Maya akipatwa na hofu macho yake yanatoa machozi meusi na watu wanakufa. Ilitokea wiki hii, ikatokea wiki ijayo, ikatokea tena. Kring mwenyewe aliomba radhi hadharani Novemba ile, kwenye gazeti la Entertainment Weekly. Alikiri mwendo ulikuwa wa kobe, wahusika wapya waliingizwa vibaya, mapenzi ya vijana hayakunoga, Japani ilichukua muda mrefu mno. Namheshimu kwa hilo, maana si wengi wanaosema. Lakini nikilisoma lile ungamo naona aliungama juu ya mwendo tu, na ugonjwa ulikuwa kwingine.

Ugonjwa ulikuwa damu ya Claire. Kuelekea mwisho wa msimu wa pili Noah Bennet, baba yetu wa darajani, anapigwa risasi ya jichoni na kufa mbele ya binti yake. Kwa dakika chache ulimwengu ule ulikuwa mzito tena. Kisha akatundikiwa damu ya Claire mkononi, akafumbua macho. Kuanzia dakika ile kila kifo ndani ya Heroes kilikuwa na dawa, na dawa hiyo ilikuwa ikitembea kwa miguu miwili ikisoma shule ya sekondari. Mwandishi akishafungua mlango ule hawezi kuufunga. Kila maiti atakayeiweka mbele yetu tutamuuliza: mbona hamumwiti Claire?

Niki, mama yake Micah, aliteketea kwenye jengo lililoungua New Orleans akimwokoa Monica, binamu wa mwanawe. Kilikuwa kifo cha heshima. Msimu wa tatu ulipoanza, Ali Larter, aliyemcheza Niki, alikuwa amerudi kwa jina la Tracy Strauss, mmoja wa pacha watatu ambao hatukuwahi kuwasikia. Micah aliyepoteza baba, kisha mama, anasimama mbele ya uso wa mama yake unaomilikiwa na mtu asiyemjua. Hapo palikuwa na jambo zito la kuandikia msimu mzima. Waliligusa, wakapita.

Na Caitlin je? Peter alimpeleka msichana huyo wa Ireland kwenye mwaka ujao ulioharibiwa na virusi, akaponyoka kurudi bila yeye. Msichana kabaki peke yake katika wakati ambao baadaye ulifutwa. Peter hakumtafuta. Sijui kosa jingine katika tamthilia hii linalonikera kuliko hilo, kwa sababu Peter wa msimu wa kwanza, muuguzi yule aliyekaa kando ya wanaokufa, asingelala usiku hata mmoja.

Msimu wa tatu, 2008 hadi 2009, ulitaka kurekebisha mwendo kwa kukimbia. Ndani ya sehemu 25 Sylar aliambiwa kuwa ni mtoto wa akina Petrelli, akawa mwema, akaambiwa si mtoto wao, akawa mwovu, na kabla ya hapo tulikuwa tumeonyeshwa wakati ujao ambamo amevaa aproni akimpikia mwanawe kifungua kinywa. Mohinder, mwanasayansi aliyetoka India kumtafuta aliyemuua baba yake, akageuka kuwa na magamba. Hiro akafanywa awe na akili ya mtoto wa miaka kumi. Peter alinyang'anywa nguvu zote na baba yake mwenyewe, na aliporudishiwa aliruhusiwa kubeba moja tu kwa wakati mmoja. Hili la mwisho lilinipa matumaini kwa muda, kwa maana ilikuwa wazi waandishi wametambua kwamba mtu mwenye kila kitu hana hadithi. Walikuwa wakiitafuta sindano ya shaba kwa kuchelewa, gizani, kwa kupapasa. Novemba 2008 watayarishaji wawili wa ngazi ya juu, Jesse Alexander na Jeph Loeb, walifukuzwa. Bryan Fuller, aliyeandika Company Man kisha akaondoka kwenda kutengeneza tamthilia yake, aliitwa arudi. Alikaa kidogo, mambo yakapata nafuu kidogo, akaondoka tena.

Lazima niseme neno juu ya Usutu. Msimu huo huo Parkman anatupwa jangwani kusini mwa Afrika na kukutana na mzee anayechora mambo yajayo kwenye mawe. Aliyemcheza ni Ntare Mwine, mwigizaji Mmarekani ambaye wazazi wake ni wa Uganda, na kwa muda mchache aliopewa alileta utulivu ambao tamthilia ilikuwa imeusahau. Alimwongoza Parkman, akamwongoza Hiro, akauawa. Hatukuambiwa anampenda nani, anaogopa nini, anataka nini kwa ajili yake mwenyewe. Ukiweka kando yake D.L., baba yake Micah, aliyemalizwa katikati ya misimu, Monica wa New Orleans aliyetoweka baada ya msimu wa pili bila kuagwa, na Mhaiti aliyekaa muda mrefu bila hata jina, unaona kwamba ndani ya tamthilia iliyokataa watu wasife, kulikuwa na watu walioruhusiwa kufa au kupotea, na walifanana: wote ni weusi. Sikuliona hilo nilipokuwa kijana. Sasa siwezi kutoliona.

Msimu wa nne nitaupitia haraka, kwa sababu kanivali ya Samuel Sullivan, pamoja na uigizaji mzuri wa Robert Knepper, ilizunguka pale pale. Nathan aliuawa na Sylar mwishoni mwa msimu wa tatu, lakini hata hapo hawakuthubutu kumzika. Parkman aliingia kichwani mwa Sylar na kumfanya aamini kuwa yeye ni Nathan. Ila kuna jambo moja. Hiro alirudi tena kwa Charlie, na safari hii akaweza kumwokoa, akaibomoa kwa mikono yake ile huzuni iliyokuwa nguzo ya msimu wa kwanza. Nilikasirika. Kisha Charlie akafichwa katika wakati mwingine, na Hiro alipompata hatimaye, alikuwa bibi kizee kitandani. Alikuwa ametupwa mwaka 1944, akaishi, akazaa, akapata wajukuu. Hiro akamwambia anaweza kurudi nyuma na kulitengua lote. Charlie akakataa. Hakutaka watoto wake wafutwe.

Zaidi ya miaka mitatu baada ya kumuua Charlie, waandishi walikumbuka kwa dakika tano. Mtu alisimama mbele ya uwezo wa kuponywa akasema hapana, hiki nimekwisha kukilipia, ni changu. Sehemu ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho, Februari 8, 2010.

Usiku huo huo Claire alipanda juu ya bembea kubwa la gurudumu mbele ya kamera za waandishi wa habari, akajiachia. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2006, alikuwa ameruka kutoka juu ya mnara huku rafiki yake akirekodi, akasimama, akairudisha mifupa yake mahali pake, akatangaza mbele ya kamera kuwa hilo lilikuwa jaribio la sita. Sasa, kwenye jaribio la mwisho, alisema idadi imeshampotea.

Mwaka 2015 NBC ilijaribu tena kwa Heroes Reborn, sehemu 13, ikafungwa Januari iliyofuata. Hayden Panettiere hakurudi. Noah Bennet alirudi, mzee zaidi, miwani ile ile, akimtafuta binti yake, na kumbukumbu zake zikiwa zimefutwa tena kwa hiari yake. Alichokuwa amefichwa ni kwamba Claire alikufa akijifungua. Liyongo alikata roho mbele ya mji mzima, na watu wakaogopa hata kuteka maji. Binti huyu ambaye hakuna kilichoweza kumuua, tuliyemwona akiruka tena na tena mbele ya macho yetu, alipokufa tuliambiwa tu.